Mngoni Niliyemwandika Mimi

Siku mliyoniaga pale kambini, karani mpya aliniomba nimwandikie namna ya kutunza kitabu cha majina, maana alisema changu kina mistari iliyonyooka. Nimekaa siku nne na kalamu mkononi. Nimeona kwamba mambo ya kitabu yanaisha haraka: andika kwa wino, usifute, wala usiache mstari mtupu kati ya jina na jina, kwa sababu mstari mtupu hupata mtu wa kuujaza hata usipomtafuta. Yaliyobaki ni ya watu walioandikwa humo ndani, na hasa mtu mmoja. Mimi elimu yangu ni darasa la nne la misheni. Mtakapoona nimekosea mahali, msijisumbue kunitetea, huenda nimekosea kweli.

Vyeo sitavitaja. Havikuwa virefu kiasi cha kujaza karatasi.

Nilifika kambi ya Maili Saba, kwenye njia ya kutoka Makambako kwenda Njombe, kabla ya vita. Nilikuwa na blanketi moja na barua ya mwalimu iliyosema najua kusoma na kuhesabu. Mwalimu yule alikuwa mtu mwema. Kuhesabu nilikuwa bado najifunza. Upepo wa Makambako mnaujua. Ulinipokea kwa kuichukua barua mkononi mwangu na kuipeleka bondeni, nikaajiriwa bila ushahidi wowote.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ngole, nyapara mkuu, mtu aliyevaa makoti mawili mwaka mzima na kusema baridi ya Njombe haina likizo. Siku ya kwanza alinisimamisha katikati ya barabara akaniuliza, "Mwanangu, bwana wa barabara hii ni nani?"

Nikamjibu kwa heshima kwamba ni Serikali.

"Ni maji," akasema. "Serikali inapendekeza tu. Maji ndiyo yanayokata shauri."

Kuanzia siku ile kila mvua iliponyesha alinitoa kibandani tukatembee tuone maji yanakwenda wapi. Alinifundisha kutambua mpini wa sururu uliokaushwa vizuri kwa kuugonga na kuusikiliza. Alinifundisha kwamba mtaro ukizibwa na majani leo, kesho utazibwa na barabara yenyewe. Na kuhusu kitabu alinipa neno moja tu: "Asubuhi ukiita majina, ita kama unayemwita mtu. Ukiita kama unahesabu mbuzi, watakuitikia kama mbuzi." Neno hilo nililishika. Sijui kama nililielewa.

Miaka yangu ya kati, baada ya vita, ilikuwa miaka ya mwamba. Barabara ilitakiwa kunyooshwa, na mahali pa kuinyoosha palikuwa na mwamba mkubwa kama kanisa. Siku hizo hatukuwa na mashine ya kutoboa. Kila tundu lilikuwa na watu watatu. Mmoja anachuchumaa ameshika mtaimbo wima kwa mikono miwili. Wawili wamesimama na nyundo kubwa, wanapiga kwa zamu, huyu akishusha yule anainua. Baada ya kila pigo aliyeshika anazungusha mtaimbo kidogo, ili tundu liwe la duara. Lilipofika urefu wa mkono, msimamizi Mzungu alikuja mwenyewe kujaza baruti na kuwasha utambi, maana Serikali ilituamini kwa nyundo lakini si kwa kiberiti.

Aliyeshika mtaimbo haitazami nyundo. Akiitazama ataogopa, akiogopa mtaimbo utayumba, ukiyumba mkono si wake tena. Kazi yake ni kusikiliza. Na walichokuwa wakisikiliza pale mwambani, kwa miaka ile yote, yalikuwa matusi.

Wabena na Wangoni ni watani, Wapangwa hawamo, hilo mnalijua tangu utotoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaturithisha maneno. Pale mwambani Wangoni na Wabena walichanganywa, na kila pigo lilishuka na neno lake.

"Mwizi wa ng'ombe!" Nyundo.

"Mbena wa pangoni!" Nyundo.

"Babu yako alikimbia na kaniki ya bibi!" Nyundo.

"Aliyempa ni bibi yako!" Nyundo.

Mfalme wa mambo hayo alikuwa Zakaria Mligo, Mbena mwenzangu wa Mahongole, mpiga nyundo. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye uso wa huzuni usiocheka hata kidogo, na nadhani hapo ndipo ilipokuwa siri yake. Watu walivumilia baridi, mvua na ugali mbichi wa kambini kwa sababu walitaka kusikia Zakaria atasema nini. Mgonjwa alitoka kitandani mapema asipitwe.

Msimamizi wetu Mzungu tulimwita Bwana Futi, kwa kuwa hakuachana na rula yake hata mezani. Hakuwa mtu mbaya. Siku moja alisimama pale mwambani muda mrefu, kisha akaniita nimtafsirie.

"Yule anasema nini?"

Nikatafsiri kwa uaminifu, maana sikujua kutafsiri kwa namna nyingine. "Anasema babu yake alimuuza babu wa huyu kwa mbuzi mmoja, Bwana."

"Na huyu mbona anacheka?"

"Anasema mwenye mbuzi alipunjwa."

Bwana Futi aliliwaza jambo hilo hadi jioni. Kesho yake lilibandikwa tangazo mlangoni pa stoo: ni marufuku kutukanana kwa ajili ya kabila wakati wa kazi, kwa sababu huleta chuki na kuvunja amani. Nililiandika mimi mwenyewe kwa herufi kubwa. Kusema haki, tangazo halikuwa la kijinga. Mtu asiyejua akisikia yale maneno angefikiri mikuki iko njiani. Ila jioni nyingine nilimwona na rafiki yake Mskoti aliyekuwa na shamba huko juu, wakiambiana mambo ya ubahili na ulevi wa watu wa kwao, wakicheka mpaka machozi. Nikathubutu kumuuliza asubuhi. Akanijibu kwamba ile ni tofauti. Nikasubiri aniambie tofauti yenyewe, akaniambia nikahesabu makarai.

Tukapiga mwamba kimya siku tatu. Siku ya nne nyundo ilitua kwenye kidole gumba cha Mngoni mmoja. Hakuwepo wa kulaumiwa. Mpigaji alisema hakusikia zamu yake, na mshikaji alisema hivyo hivyo. Tangazo halikuondolewa, Serikali haiondoi tangazo. Ila juma lile upepo ulilichukua, na msumari ukabaki peke yake, na Bwana Futi akawa anapita pale bila kuutazama.

Aliyeendelea na mjadala ni Mwinjilisti, mhubiri wa Kilutheri aliyekuja kambini kila Jumapili kwa miguu. Mahubiri yakiisha aliketi na wanaume juani, na neno lake lilikuwa hilo hilo.

"Tusi ni tusi, ndugu zangu. Ukilifunika kwa utani ni sawa na kufunika kinyesi kwa jani. Atakayekanyaga atajua."

"Mwinjilisti," Zakaria akamjibu, "babu zetu walitupiana mikuki. Sisi tunatupiana maneno. Sasa ukituondolea na maneno, unataka tutupiane nini?"

Watu wakacheka. Mwinjilisti naye alicheka, alikuwa mtu wa kweli. Lakini akashika hoja yake. "Mimi nauliza moja tu. Utamjuaje anayecheka kwa kupenda na anayecheka kwa kuogopa?"

"Rahisi. Anayeogopa harudishi. Mtani anarudisha."

Nilikwenda kuliandika jibu hilo kwenye daftari langu. Nililiona zuri sana.

Sasa nije kwa Gaspari.

Bwana Futi alikuwa na elimu yake kuhusu makabila, sijui aliipata wapi. Kwa elimu hiyo Wakinga walifaa kubeba, Wapangwa walifaa kuchimba mitaro, na mwambani walitakiwa Wangoni, akichanganya na Wabena wachache. Na tofauti ilikuwa kwamba kazi ya mitaro ilikuwa ya msimu. Mvua zikikatika, watu wa mitaro walirudi kwao. Wa mwambani walikaa mwaka mzima, wakapewa kibanda cha kuishi na mke.

Siku ya kuandikisha alifika mtu mmoja kutoka Mlangali, ametembea siku nyingi, mabega mapana. Alisema jina lake Gaspari, Mpangwa, anaomba kazi ya mwambani. Bwana Futi hakuinua macho. "Mpangwa, mitaro. Na mitaro imejaa. Mwingine."

Kesho yake asubuhi Bwana Futi alikuwa amekwenda Njombe, nami ndiye niliyekaa mezani. Mstari ulipofika katikati nikamwona yule yule Gaspari mbele yangu. Alinitazama, nikamtazama.

"Jina?"

"Gaspari."

"Kabila?"

"Mngoni."

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mpangwa wa Mawengi. Sikuhitaji kuambiwa. Hata lile neno Mngoni alilitamka kwa mdomo wa Kipangwa. Nikauliza, "Ukoo?" Hakuwa amejiandaa kufika mbali hivyo. Watu nyuma yake walikuwa wakisikiliza. Basi mimi, karani wa Serikali mwenye mistari iliyonyooka, nikasema, "Gama, siyo?" Ni ukoo mkubwa wa Kingoni, ndio uliokuja kwanza kichwani.

"Ndiyo," akasema. "Gama."

Nikaandika kwa wino. Sikupewa kitu, wala sikuomba. Nilijiona mtu mwenye huruma, na sikuona ubaya wake. Nani aliumia? Mwamba haukuuliza kabila.

Gaspari akawa mshikaji bora wa mtaimbo niliyepata kumwona. Zakaria alimpenda mara moja, akamchagua awe mtu wa tundu lake. Na matusi yalipoanza Gaspari alijua la kufanya. Mwanzoni alirudisha kwa kusitasita, kama anayesoma somo, halafu akazoea. Zakaria alimwita mtumwa aliyetoroka. Yeye akamwita Zakaria fuko wa mapangoni. Mwaka ukapita.

Alipopewa kibanda alimleta mkewe na binti yao mdogo. Siku walipofika nilimsalimu yule mama kwa Kipangwa, kwa furaha tu ya kuisema lugha ya bibi. Alishtuka, akamtazama mumewe, kisha akaniitikia taratibu. Tulimwita Mama Lina, kwa jina la mtoto.

Lina alikuwa na umri wa miaka minne hivi, na ndani ya mwezi mmoja akawa msimamizi wa pili wa kambi. Alikuja na mama yake mchana wakileta chakula. Alitembea mikono nyuma, tumbo mbele, akisimama kwenye kila tundu na kuinamia kutazama ndani, akitikisa kichwa hivi, kama asiyeridhika. Alikuwa Bwana Futi mtupu, amebakiza rula tu. Zakaria akamchongea rula ya mwanzi. Siku Bwana Futi mwenyewe alipomwona, nyundo zilisimama. Akapiga goti, akampima urefu kwa rula yake, naye Lina akampima yeye.

Surua ilipita kambini mwishoni mwa masika. Ilimchukua Lina katika siku tano.

Tulimzika mchana, kwenye mteremko chini ya kambi. Mwinjilisti aliomba, kwa kuwa padri wa kanisa lao alikuwa mbali. Kaburi la mtoto ni dogo, halichukui muda, na watu walipomaliza kuchimba palikuwa na ule ukimya ambao hakuna anayejua aupeleke wapi. Mnajua kazi ya mtani msibani. Huo ndio wakati wake. Asipofanya, watu watauliza kwa nini ametelekeza wafiwa.

Zakaria akatoka mbele. Uso wake ule ule. Akaweka mikono nyuma, akasukuma tumbo mbele, akalizunguka kaburi kwa hatua fupi. Akainama akatazama ndani. Akatikisa kichwa hivi.

"Kina hakitoshi," akasema. "Nani aliyechimba? Mitaroni, wote!"

Alikuwa Lina. Sijui niseme vipi zaidi. Kwa dakika moja alikuwa amerudi. Kicheko kikatoka kwa watu kama maji yaliyokuwa yamezibwa, na wengi walikuwa wanalia humo humo. Angeishia hapo nadhani nisingekuwa na la kuandika. Lakini utani wa msibani una sehemu yake ya pili, na Zakaria hakuwa mtu wa kufanya wajibu nusu. Akamgeukia Gaspari.

"Wangoni bwana! Kuiba watoto wa watu mnaweza, kulea wenu mmeshindwa. Mmoja tu, umemshinda! Basi tupeni sisi wenyewe tumzike. Mtumwa wetu huyu, mmetutunzia vibaya."

Watu wakamgeukia Gaspari kumsubiri. Mtani anarudisha. Niliuona mdomo wake ukitafuta. Kisha akacheka, kwa sauti kubwa kuliko wote, akasema, "Chimba vizuri, Mbena! Mashimo ndiyo kazi ya babu zako, walijificha humo!"

Kambi nzima ikaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na Mzee Ngole, na nilicheka mpaka nikashika bega lake.

Mama Lina hakupiga kelele. Alimwambia mumewe kwa Kipangwa, sauti ya kawaida kabisa, "Wamemwita mwanangu mtumwa, na wewe umecheka." Akaondoka kabla ya udongo kurudishwa.

Juma lile lile alikwenda kwenye baraza la jumbe, Makambako, akamshitaki Zakaria kwa kumtukana marehemu. Mwanamke kushitaki utani lilikuwa jambo jipya. Watu walicheka tena, ila kidogo. Zakaria mwenyewe alilichukulia kama sehemu ya mchezo. "Wangoni hawa," alisema, "sasa wanatuma wanawake vitani."

Lakini kaka zake Mama Lina walikuwa wamefika kutoka Mlangali. Walimwambia Gaspari waziwazi, mbele yangu: mbele ya baraza atasema yeye ni nani. Akisema ni Mngoni, basi wao hawakumwoza dada yao kwa Mngoni, watamchukua.

Gaspari akaja kwenye meza yangu.

"Karani, kitabu kinasemaje?"

"Kinasema Mngoni."

"Nikisema mimi ni Mngoni, Zakaria hana kosa, na mke wangu anaondoka. Nikisema Mpangwa, mke anabaki, mwamba unaondoka. Labda na jela, nimedanganya Serikali." Akaongeza, "Na Zakaria atakuwa amemtukana mtoto wangu kweli. Sasa hivi bado hajamtukana."

"Sasa utafanyaje?"

"Nadhani nitabaki Mngoni mpaka barabara iishe."

"Barabara haiishi, Gaspari."

"Najua," akasema. "Kabla ya hapa nilichimba mitaro."

Sikumshauri kitu. Nilijiambia karani hana haki ya kumshauri mtu katika shauri ambalo kitabu chake ni shahidi. Lilikuwa neno zuri, na lilinisaidia sana kulala.

Siku ya baraza wazee watano walikaa kwenye benchi, mimi nikaketi pembeni na kitabu magotini. Mama Lina alieleza maneno yote yaliyosemwa, bila kuongeza, bila kupunguza. Zakaria akasimama, akakubali kila neno.

"Nilisema, wazee. Huyu ni mtani wangu. Mtoto wake ni mtani wangu. Ningenyamaza, ndiyo mngenishitaki."

Mzee wa baraza akatikisa kichwa kukubali. Kwa sheria yetu shauri lilikuwa limeisha. Akamgeukia Gaspari kwa desturi tu. "Wewe baba wa marehemu, ni Mngoni?"

Gaspari akasimama. Alimtazama mkewe, halafu akamtazama Zakaria kwa muda mrefu zaidi, kama anayemwomba radhi kwa jambo atakalomfanyia.

"Hapana, mzee. Mimi ni Mpangwa wa Mlangali. Naitwa Gaspari Mlelwa."

Sikupata kuona uso wa mtu ukibadilika kama wa Zakaria. Ule uso usiocheka tulioujua miaka yote ulipotea, na uliokuja mahali pake hatukuujua. Alivua kofia. Akakaa chini, pale pale kwenye udongo.

"Kama sikuwa mtani wako," akasema, "basi pale kaburini nilikuwa nani?"

Mzee wa baraza akanigeukia. "Karani, kitabu?"

"Kimeandikwa Mngoni, mzee. Gama."

"Uliandikaje hivyo?"

Nikafungua mdomo. Gaspari akawahi. "Nilimdanganya karani."

Wazee wakanitazama kwa huruma, karani masikini aliyedanganywa, na mimi nikafunga kitabu. Ndivyo nilivyofika mpaka kustaafu.

Walishauriana kwa muda mrefu. Mwisho mzee wa baraza akasema hajapata kuona shauri kama lile: tusi lipo, mtukanaji hayupo. Jela hawakumpeleka mtu. Waliamua Zakaria aende siku ya Jumapili akajenge kaburi la mtoto kwa mawe, na asitamke neno mpaka amalize. Mwinjilisti, aliyekuwepo, hakuonekana kama mtu aliyeshinda mjadala. Alitoka ameinamisha kichwa.

Bwana Futi naye akatoa hukumu yake. Alimhamishia Gaspari kwenye mitaro, kwa kuwa Wapangwa ni wa mitaro, na akaniagiza nimtafutie Mngoni mwingine hodari kama yule. Nilimtafuta mwaka mzima. Hakupatikana.

Jumapili ilipofika nilikwenda kwenye mteremko. Zakaria alikuwa amekwisha anza. Alichagua mawe ya mwambani, yale yenye uso bapa, akayapanga moja moja bila saruji, kama tunavyojenga kingo za kalavati. Gaspari alikuwa akimpa mawe, naye akipokea, na mikono yao ilikuwa bado na ule mwendo wa tunduni, huyu akitoa yule anashika, hakuna anayemtazama mwenzake. Mama Lina alikuwa ameketi kando. Zakaria alipoweka jiwe lisilokaa vizuri, mama aliinuka akaligeuza mwenyewe, akarudi kuketi. Hakumfukuza.

Nikaona vyema na mimi nisaidie. Nikaokota jiwe, nikasogea nalo.

"Karani," Mama Lina akasema kwa Kipangwa. "Hilo lako liweke chini."

"Mama, nataka kusaidia tu."

"Siku ile ulicheka."

"Nilicheka, mama. Nisamehe. Wote tulicheka."

"Hao wote walidhani mume wangu ni Mngoni," akasema. "Wewe ulinisalimu kwa lugha yangu."

Nilibaki nimelishika lile jiwe. Gaspari alisikia, hakugeuka. Zakaria hakujua Kipangwa, akaendelea kupanga. Mwishowe nikarudi nalo barabarani, nikalitupa kwenye kifusi.

Karani mpya, daftari langu la siku ile linasema: "Jumapili. Mawingu. Kaburi limekwisha." Basi. Nimejaribu mara nyingi kuandika lililobaki, kila mara nikaona pengine najisingizia. Sasa sina kazi ya kupoteza, nitajaribu tena. Zakaria alisema yale kwa kuwa aliamini ni wajibu wake. Gaspari alicheka kwa kuwa aliogopa. Watu wa kambi walicheka utani walioujua tangu kwa babu zao. Mimi nilikuwa najua kwamba pale hapakuwa na mtani, na sikuwa na cha kuogopa wala wajibu wa kutimiza. Nilicheka kwa sababu ilichekesha.